ASIRUDISHIWE UFUNGUO KABLA HAJALEVUKA

Askari wa trafiki akimsimamisha dereva mlevi pale Mikumi, akampima na kumpeleka kituoni, wananchi husema: tumepona. Sisi twasema bado. Kupona kwetu kunategemea neno jingine ambalo watu hawaliulizi, nalo ni hili: mtu huyo ataachiwa saa ngapi, na atakapoachiwa atakuwa katika hali gani?

Hili si jambo la wanasheria peke yao. Wilaya ya Kilosa imepitiwa na barabara kuu mbili. Kusini ipo njia ya Iringa, Mbeya na Tunduma, ipitayo Mikumi. Kaskazini ipo njia ya Dodoma, ipitayo Dumila. Usiku na mchana malori hupita yakienda Zambia na Kongo, mabasi hupita yamejaa abiria, na pembeni mwa magari hayo hupita watu wetu kwa miguu, kwa baiskeli na kwa bodaboda. Mikumi ni mji wa kupumzikia. Dereva aliyetoka Dar es Salaam hufika pale amechoka, ana njaa, nyama iko motoni na bia iko baridi. Hatumlaumu mtu kwa kula na kunywa fedha yake. Twamsema yule anyanyukaye mezani akapanda gari.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imekwisha kusema kwamba kuendesha gari hali umelewa pombe au dawa ni kosa, na kipimo cha kawaida kilichowekwa ni miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 nayo yasema kwamba mtu aliyekamatwa bila hati, kwa kosa lisilo la adhabu ya kifo, ikiwa haiwezekani kumfikisha mahakamani katika saa 24, basi mkuu wa kituo alichunguze shauri lake, na kosa lisipokuwa zito amwachie kwa dhamana. Hizi ni sheria njema. Wazee wetu hawakuudai uhuru ili raia walale mahabusu bila hesabu.

Lakini tazameni jinsi zilivyoachana njiani. Ya kwanza yapima ulevi wakati wa kukamata. Ya pili yapima saa wakati wa kuachia. Ule ulevi wenyewe, uliomfanya mtu akamatwe, hakuna aupimaye tena mlangoni anapotoka. Umeachwa katika busara ya askari aliye zamu, na busara ya askari mmoja, usiku, simu ikilia na ndugu wa mlevi wakipiga kelele kaunta, ni kitu chembamba sana cha kutegemea roho za watu.

Hesabu yake si ngumu. Mwalimu yeyote wa shule ya msingi aweza kuifanya ubaoni. Mwili wa mtu hupunguza kilevi kwa kadiri ya miligramu 15 hivi kila saa. Wengine hupunguza kidogo zaidi, wengine kidogo pungufu, lakini hakuna akimbiaye mbio. Kahawa nyeusi haisaidii. Maji ya baridi kichwani hayasaidii, wala kutapika, wala supu ya utumbo. Vitu hivyo humfanya mlevi awe mlevi aliyeamka, basi. Tena ikiwa amekunywa muda mfupi kabla ya kukamatwa, kilevi kilichobaki tumboni bado chaingia katika damu, na saa moja baada ya kufika kituoni aweza kuwa amelewa kuliko alipofika.

Tuchukue mfano wa dereva wa lori aliyekamatwa Mikumi saa mbili usiku, akakutwa na miligramu 200. Saa nne anatokea mtu wa kumdhamini. Karatasi zinaandikwa, sahihi zinatiwa, naye anapewa mkanda wake, viatu vyake, simu yake na ufunguo wa lori lililoegeshwa nje ya kituo. Wakati huo damu yake bado ina kama miligramu 170, zaidi ya mara mbili ya kipimo. Sheria ya dhamana imefuatwa yote, na hakuna askari aliyekosa. Mtu huyu hatashuka kufikia 80 mpaka saa kumi alfajiri, na hatakuwa safi kabisa mpaka saa tatu na ushei asubuhi. Lakini saa nne na robo usiku yuko barabarani. Akielekea Morogoro, mbele yake kuna kilomita 50 za giza ndani ya Hifadhi ya Mikumi, ambako tembo na nyati huvuka lami bila kuuliza ruhusa. Akielekea Iringa, Mlima Kitonga wamngoja.

Barabara hii ina historia yake, nayo si ya kuchezea. Rhodesia ya walowezi ilipojitangazia uhuru wake wa uongo mwaka 1965, Zambia ilinyimwa njia ya mafuta, na Tanzania ikafungua yake. Malori ya mapipa yakapita hapa kabla lami haijawekwa, katika vumbi na matope, na madereva wengi wakafa hata njia ikabandikwa jina la Njia ya Jehanamu. Wale walikufa wakiwabebea ndugu zao mafuta ili taifa jirani lisipigishwe magoti. Hao walikuwa na sababu. Anayeua leo katika njia ile ile kwa sababu mtu fulani aliharakisha kumrudishia ufunguo, hana la kusema, wala sisi tuliomrudishia hatuna.

Twajua yatakayosemwa. Watasema: Chama kinataka polisi wapewe nguvu nyingine ya kuweka watu ndani. Hofu hiyo twaiheshimu, maana nchi hii imeyaona. Mwaka 1962, uhuru haujatimiza mwaka, Bunge letu lilipitisha sheria ya kuweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani, na walioguswa na sheria ile hawakuisahau. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 yawapa wakuu wa mikoa na wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48, kwa masharti. Masharti yameandikwa vizuri, lakini malalamiko ya wananchi juu ya saa hizo 48 yamefika hata Bungeni. Mtu amejibu vibaya mkutanoni, kaamriwa akamatwe. Mtumishi amechelewa kikao, kaamriwa akamatwe. Nguvu ya kufunga mlango ikikosa kipimo, hutumiwa na mwenye hasira.

Kwa sababu hiyo hiyo sisi tunataka kipimo. Wala hatuombi hata dakika moja juu ya zile saa 24. Rudini kwenye hesabu yetu: hata mtu aliyelewa sana hushuka chini ya 80 kabla siku haijaisha. Polisi hawahitaji saa mpya. Wanahitaji kuambiwa namna ya kuzitumia walizo nazo. Mwaka 1991, katika shauri la Daudi Pete, Mahakama ya Rufani ilikibatilisha kifungu kilichowanyima dhamana watu walioshtakiwa kwa baadhi ya makosa ya kutumia nguvu, kwa kuwa kilikuwa kipana mno na hakikuwekewa utaratibu. Hilo ndilo funzo la kufuata. Sheria inayomzuia mtu iwe nyembamba, iseme sababu yake, iseme mwisho wake.

Sasa tuseme jambo ambalo wengine hawapendi lisemwe. Mambo yalivyo leo, saa ya kutoka mahabusu haipimwi kwa damu, inapimwa kwa jina. Kijana wa bodaboda wa Kimamba aliyekunywa komoni akikamatwa Ijumaa jioni, naye hana mdhamini mwenye barua ya mtendaji, aweza kukaa ndani mpaka Jumatatu, siku mbili nzima baada ya pombe kumtoka. Bwana mkubwa aliyekamatwa jioni ile ile katika gari la vioo vyeusi hukaa dakika ishirini. Simu moja inapigwa, simu ya pili inapokelewa, na mbenzi wetu anaondoka anaendesha mwenyewe, amelewa vilevile, huku askari akimpigia saluti. Kabwela anazuiwa baada ya hatari kupita, mkubwa anaachiwa hatari ikiwa imepamba moto. Pande zote mbili sheria imevunjwa maana yake. Kipimo kingewaponya wote wawili: mkubwa angengoja alevuke, na kabwela angetoka alipolevuka.

Kuna na rushwa. Penye hiari isiyo na kipimo ndipo noti hupita. Mwanachama wa TANU aliahidi kutopokea wala kutoa rushwa, na ahadi ile ilikuwa ya watu wazima waliojua kwamba kila rushwa ina anayeilipia. Elfu hamsini inayopita chini ya kaunta usiku hulipiwa asubuhi na mama anayekwenda sokoni Ruaha na ndoo ya nyanya kichwani.

Wenzetu wamelitazamaje jambo hili? Uingereza, ambayo iliweka kipimo cha 80 kwa sheria ya mwaka 1967, ilisema tena katika sheria yake ya barabara ya mwaka 1988 kwamba dereva mlevi aweza kuzuiwa kituoni mpaka askari aone kwamba mtu huyo akiendesha hatakuwa akitenda kosa. Papo hapo ikaongeza kwamba asizuiwe ikiwa hakuna dalili ya yeye kwenda kuendesha. Hapo ndipo penye akili ya sheria ile. Akichukuliwa na mkewe na kupelekwa nyumbani kulala, na gari likibaki, hakuna sababu ya kumkalisha sakafuni. (Msomaji wa Kilosa asije akadhani tunazungumza habari za kata yetu ya Ulaya, iliyo njiani kwenda Mikumi. Hii ni Ulaya ile nyingine.)

Huko Marekani walijifunza kwa msiba. Julai 2000, katika jimbo la New Jersey, polisi walimkamata dereva mlevi, wakamkabidhi kwa rafiki yake. Rafiki akamrudisha kwenye gari lake. Muda si mrefu akagongana na afisa kijana wa jeshi la majini, John Elliott, na wote wawili wakafa. Mwaka 2001 jimbo lile likatunga sheria yenye jina la marehemu: gari la aliyekamatwa kwa ulevi lizuiwe saa 12, na anayekuja kumchukua mlevi apewe onyo la maandishi kwamba akimrudisha barabarani naye atawajibika. Hatusemi tuige kila kitu cha Wamarekani. Lakini kumkabidhi mlevi kwa rafiki bila kushika ufunguo, hilo tumelifanya na sisi mara nyingi, tofauti ni kwamba hatujalitungia sheria.

Jirani zetu wa Kenya wanatufundisha upande wa pili. Walianza kuwapima madereva kwa nguvu kubwa, na watu wakaiona faida yake. Kisha mwaka 2017 Mahakama yao ya Rufani ikasema kanuni za kipima ulevi za mwaka 2011 hazikupatana na Sheria ya Trafiki yenyewe. Kazi njema ikayumba kwa ajili ya kalamu ya haraka. Kwa hiyo hatutaki waraka wa ofisini wala agizo la jukwaani. Twataka kifungu katika sheria, kilichopita Bungeni mchana kweupe.

Kifungu hicho kiseme nini? Kiseme kwamba dereva aliyekutwa amezidi kipimo hatarudishiwa ufunguo wala chombo chake mpaka apimwe mara ya pili na kuonekana ameshuka. Mwili wake ni jambo jingine. Akipatikana mtu mzima asiyelewa, anayejulikana, atakayetia sahihi kwamba anamchukua na hatampa chombo chochote cha moto, basi aende naye. Dhamana ni haki, na dhamana ya polisi haiuzwi. Asipopatikana mtu huyo, akae kituoni mpaka alevuke, na kikomo kiwe saa 12. Kipimo cha kuingia na kipimo cha kutoka viandikwe katika daftari la kituo, pamoja na saa na jina la askari, ili hakimu na wakili wa mshtakiwa waweze kuvisoma. Na cheo cha mtu kisiandikwe popote, maana hakihusiki.

Mtu ambaye saa 12 zimepita naye bado hawezi kusimama, huyo si wa mahabusu tena, ni wa hospitali. Hapa tuwe wakali kabisa. Watu hufa sakafuni kwa kudhaniwa wamelewa. Mgonjwa wa kisukari aliyeishiwa sukari mwilini huyumba na kuropoka kama mlevi. Aliyepigwa kichwa huongea kama mlevi. Na mlevi wa kweli aliyelala chali aweza kupaliwa na matapishi yake akafa kimya. Uingereza wameandika katika taratibu zao za polisi kwamba mlevi aliye mahabusu aamshwe na kutazamwa kila nusu saa. Sisi tunashindwa nini? Nusu saa haihitaji bajeti. Mikumi hospitali ya Mtakatifu Kizito ipo. Kilosa mjini hospitali ya wilaya ipo. Anayezuiwa kwa ajili ya usalama wa watu asife mikononi mwa waliomzuia, na mwanamke akizuiwa alindwe na askari mwanamke.

Watauliza vipima ulevi viko wapi. Swali la haki. Kituo kidogo cha kata hakina, na chenye nacho huenda kina kimoja, na kimoja hicho kiko na askari barabarani. Serikali inayokusanya faini za barabarani kila siku yaweza kununua vifaa kwa sehemu ya faini hizo, tena vya kutosha, na kuvihakiki ili visiseme uongo. Mpaka vifike, hesabu ya saa ipo: asiyepimika ahesabiwe kuwa amelewa kwa saa nane tangu alipokamatwa, isipokuwa daktari aseme vinginevyo.

Na lori je? Dereva akishikwa, tajiri wa lori huanza kupiga simu kutoka Dar es Salaam, mzigo unachelewa, mpaka unafungwa, kila saa ni hasara. Utingo, kijana asiye na leseni, anaambiwa alisogeze. Hapo tumemwondoa mlevi tukamweka asiyejua. Sheria imlazimishe tajiri kuleta dereva mwingine mwenye leseni au kungoja, na lori lisiachwe kando ya lami bila taa wala pembetatu za kuakisi mwanga, kwa sababu lori bovu gizani limekwisha kuua watu wengi wasioonja hata tone. Tajiri akipata hasara ya usiku mmoja, safari ijayo atamwuliza dereva wake amelala wapi na amekunywa nini. Leo hamwulizi, anamwuliza amefika wapi tu. Dereva analipwa kwa safari, anasukumwa kwa simu, anakunywa ili apate usingizi na anatafuna majani ili aukimbie. Tunapodai azuiwe hatusahau nani anamsukuma.

Twaja nyumbani. Wanachama wetu wana magari, viongozi wetu wana magari, na siku za mikutano magari ya Chama hupita Kilosa na bendera zikipepea. Katibu wa tawi akisikia mwenzetu amekamatwa kwa ulevi, kazi yake ni kwenda kituoni na mtu wa kumpeleka nyumbani. Kazi yake si kumpigia simu mkuu wa kituo. Kiongozi atakayepiga simu ya namna hiyo aitwe mbele ya kikao cha wilaya, aeleze ni nani aliyempa ruhusa ya kutumia jina la Chama kumrudishia mlevi ufunguo. Tumewahi kuwasema wakoloni kwa kuwa na sheria ya mzungu na sheria ya mwafrika. Haitufai kuwa na sheria ya mwenye kadi na sheria ya asiye nayo.

Mahakama ya Wilaya iko Kilosa mjini, na kutoka Mikumi ni zaidi ya kilomita 70. Hakuna hakimu atakayeamshwa usiku kwa ajili ya kila mlevi, wala hatutaki aamshwe. Usiku ule wa kwanza ni wa mkuu wa kituo. Bunge likae, liandike kifungu, na wabunge wa Kilosa na Mikumi ndio wanaopaswa kusimama kwanza, maana maiti za barabara hizi huoshwa katika kata zao. Matawi yote ya njia ya Mikumi, Ulaya na Zombo, na yale ya Dumila, yaliweke jambo hili katika ajenda ya mkutano ujao na kupeleka maazimio yao wilayani kwa maandishi. Wakati tunangoja, mkuu wa kituo hahitaji Bunge ili apate sanduku la bati lenye kufuli, aandike juu yake neno FUNGUO, na kuliweka nyuma ya kaunta mahali ambapo mkono wa mdhamini haufiki.